Wimbo wa Mwisho wa Kinya

Mwanangu, kwa kuwa nawe umeanza kutunga nyimbo, nakumbuka siku moja ya kuvuna waru, yaani viazi, kule Kiirua, mpwa wangu Kinya alipokuja nyumbani na maiki ya kuazima. Alikuwa anatengeneza albamu yake ya kwanza, nyimbo zote katunga mwenyewe. Ulibaki mmoja tu, wa marehemu mama yake, dada yangu, na kesho yake studio ilikuwa inaungoja. Huko studio alikuwa ameujaribu mara nyingi, sauti ikamkauka kooni. Akasema labda nyumbani utatoka. Msichana yule hajui kufanya jambo nusunusu. Hata salamu hukusalimu kwa moyo wote.

Akaketi mlangoni, akaanza. Uani wanawake, mama yangu akiwa kati yao, walikuwa wanachagua waru, na kwetu mtu akiimba penye kazi haachwi peke yake. Kiitikio chenyewe kilikuwa jina la dada yangu tu. Wakaitikia.

"Aki nyanya, nyamazeni kidogo tu, narekodi!"

Wakanyamaza. Akaanza tena, midomo ikawashinda, wakaitikia tena. Kinya akafura, machozi yakimlengalenga, maana aliona albamu yake inaharibika.

Mama yangu, ambaye ni mtu wa maneno machache, akaweka ndoo chini. "Kinya, ni sisi tulimzika mama yako. Sasa unamuimba hapa mbele yetu na unatuambia tunyamaze? Hata sisi alikuwa wetu."

Kinya akainamisha kichwa. Kisha akaimba, na jina la dada yangu likaitikiwa na ua mzima. Mwanangu, nywele zilinisimama. Nilijiona mdogo mbele ya kitu kikubwa kuliko sisi sote, na hata leo sijapata neno lake. Sauti ya Kinya haikukatika. Aliupeleka wimbo studio hivyo hivyo, pamoja na waru zikianguka ndooni.

Albamu ilipochezwa mara ya kwanza katika ukumbi mmoja pale Kaaga, vijana ambao hawakumjua dada yangu walisimama wakaliita jina lake. Nililia wazi, sikujali nani ananiona.

Kidole kimoja hakivunji chawa, ingawa kijana mwenye kipaji hudhani chake ni nyundo. Basi tunga kwa moyo wako wote, mwanangu, lakini usiwafungie mlango wenye uchungu uleule. Anayekuitikia hakuibii wimbo. Mungu akubariki, na popote utakapoimba, asikukoseshe wa kukuitikia.