Bibi Harusi na Gari la Moto

Fundi wa magari wa Kimuli hakuwa na desturi ya kukuuliza gari lako lina nini. Alilizunguka kwanza polepole, akiligusagusa ubavuni na kuimbia puani, kama mfugaji anayekagua ng'ombe mgeni. Ndivyo alivyofanya siku ya harusi ya dada yangu Pulkeria, mwaka 1956, tulipomfikia na gari la kuazima ambalo kipasha joto chake kilikataa kuzimika. Hewa ya moto ilikuwa ikimpuliza bibi harusi tangu Nyakatuntu. Jasho lilimtiririka, na alikwisha kuapa kwamba anarudi nyumbani.

Fundi alifungua boneti, akaufuata kwa kidole mpira unaopeleka maji ya moto ndani, akakuta koki yake imeganda wazi. Akaubana mpira kwa vijiti viwili, akavifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kisha akapiga magoti, akaweka shavu penye tundu la hewa, akangoja.

"Imepoa," alisema kwa upole.

Pulkeria akacheka, akamnyooshea mkono. Fundi akampa kifundo cha mkono tu.

"Bibi harusi, grisi hii haitoki."

Pulkeria akakishika kiganja chake chote kwa glavu yake nyeupe, akaingia nayo kanisani hivyo hivyo, alama za vidole vyeusi zikionekana hadi madhabahuni.