Mwenzao wa Tano Alikuwa Mashine Yangu ya Unga

Mimi si mtu wa kushtushwa na jambo. Nimeacha shule darasa la tano, nimesukuma mkokoteni wa maji Changamwe, na leo nina nyumba za kupangisha Utange na viti vinavyokodishwa kwenye kila harusi ya maana Kisauni. Dunia haina jipya la kunionyesha. Basi nilipopigiwa simu kuambiwa kwamba yule mpiga fidla, mkuu wa kundi la watu wanne, amefariki, sikushtuka. Nilikasirika. Amekwenda kabla sijamaliza naye.

Kundi lenyewe mnalijua kwa kulisikia tu. Marehemu alikuwa mtu wa bara, karani wa bandarini, fidla alifundishwa kanisani. Akamtafuta fundi cherehani wa Likoni aliyewahi kupiga fidla kwenye taarabu, kisha makarani wenzake wawili: mmoja akashika viola, ambayo ni fidla iliyonenepa kidogo, mwingine selo, ambayo huwezi kuibeba begani, unaikumbatia magotini. Hawana mwimbaji, hawana ngoma. Wanapiga nyimbo ndefu za Wazungu wa zamani, nanyi mnakaa kimya kama mnaosubiri kuitwa na daktari. Mazoezi yao ni Jumamosi alasiri, kwenye ukumbi mdogo Changamwe, na miaka yote hiyo hawakukosa, mvua au jua. Hilo nawapa.

Ugomvi wetu ulianzia hoteli moja ya Bamburi. Viti vilikuwa vyangu, kwa hiyo nilialikwa, nikaja na mke wangu na dhahabu zake zote. Wakafika mahali wimbo ukatulia, fidla ya bwana yule ikawa inalia peke yake, na mimi mtoto wa pwani ikanipata. Kwetu muziki ukikupata unafanyaje? Unatunza. Nikainuka, nikaenda kwa madaha, noti ya elfu nimeinyanyua watu waione, nikamchomekea kwenye mfuko wa koti. Akasimamisha upinde. Akaitoa ile noti kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa nzi kwenye chai, akanirudishia.

"Bwana, hii si harusi. Keti tafadhali, hatujafika hata nusu."

Ukumbi mzima ukacheka. Watu wenye shahada zao, wamekalia viti vyangu, wananicheka. Mke wangu aliutazama mkoba wake mpaka tukaondoka.

Nilinunua kiwanja kilichopakana na ule ukumbi wao, nikajenga kibanda, nikaweka mashine ya kusaga mahindi ukuta kwa ukuta. Nikamwambia msagaji, "Jumamosi alasiri iwake, hata kama hakuna mteja." Jumamosi ya kwanza nikaenda kujionea mwenyewe wanavyoteseka. Nikachungulia dirishani. Jamani! Walikuwa wanakaza nyuzi zao, wote wanne, kwa kuufuata mngurumo wa mashine yangu. Marehemu akaniona.

"Karibu, bwana mkubwa! Mashine yako inajua sauti moja tu, lakini inaishika kuliko huyu wetu wa selo."

"Na haichelewi mazoezi, wallahi," fundi cherehani akadakia.

Wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo wakawa wanaiita mwenzao wa tano. Bwana yule akatunga hata kipande kifupi ambacho sauti yake ya chini kabisa inaachiwa mashine. Watu wakawa wanakuja Changamwe kukisikiliza, na kunicheka mara ya pili.

Jumamosi iliyopita, kabla mwili haujasafirishwa bara, aliagwa kwenye ukumbi uleule, na nikasikia kwamba watapiga kile kipande. Asubuhi nikamwambia msagaji azime, afunge mlango, aende kwao akalale. Nikakaa mstari wa mbele. Wakaanza, watatu, kiti cha mkubwa wao kitupu, na chini ya wimbo pengo kubwa pale mashine ilipopaswa kunguruma. Nikangoja niione aibu yao.

Badala yake mjane wake akaniinukia, akanishika mikono yote miwili mbele za watu. "Asante, baba. Umefunga kazi yako kutwa nzima kwa ajili yake. Angekuwa hai angekosa la kusema."

"Heshima kubwa hiyo, bwana," fundi cherehani akasema, akinitazama kwa pembe ya jicho. Alijua. Wallahi alijua.

Kisasi changu kimepokewa kama rambirambi. Kisha wakaanza ule wimbo wa Bamburi, na ulipofika pale pa fidla ya peke yake, fundi akaushika yeye. Nikainuka. Kwa madaha yaleyale, noti ya elfu juu, mpaka kwenye kiti kitupu, nikaiweka. Hakuna aliyesimamisha upinde. Hakuna aliyecheka. Na safari hii hapakuwa na wa kunirudishia.

Sijamsamehe, na msidhani nimelainika. Ninalowaambia ni hili: aliyekuvunjia heshima, maliza naye angali ana masikio, kwa sababu ukichelewa utaishia kumtukuza, tena kwa gharama yako mwenyewe. Mimi nimeshapiga hesabu. Kusaga kwa kutwa, ujira wa msagaji aliyelala kwao, na ile noti kwenye kiti: shilingi elfu sita, mia nne na hamsini.