Kiberiti kwenye Tundu la Gesi

Kampuni ilikuja kutafuta gesi chini ya shamba letu la mpunga, nje kidogo ya Kindu, njia ya Kibombo. Wakachimba tundu moja refu, wakasema gesi ni kidogo, haifai, wakaziba kwa simenti wakaenda zao. Mvua ilipojaza maji juu ya ile simenti, niliona mapovu. Yalipanda moja moja, kama muntu anapumua kule chini.

Mapovu nayajua. Wakati wa vita nilikuwa na miaka saba, tukajificha kwenye kinamasi karibu na Lokandu. Bibi yangu, mvuvi, hakuruhusu moto uwashwe kabla hajachokonoa tope kwa fimbo. Mapovu yakitoka, tunahama. Siku moja mama mwenye mutoto mchanga alishindwa kungoja. Alitaka kuchemsha uji, akawasha bila kumwita bibi. Moto wa buluu ulikimbia juu ya maji mpaka mikononi mwake. Hakulia, maana askari walikuwa karibu. Lakini tangu hapo mikono yake haikushika tena kitu, na mutoto wake tulimbeba sisi wengine. Mimi nilimbeba sana. Alikuwa mzito.

Basi nilipomkuta binti yangu wa miaka mitatu amechuchumaa kwenye tundu, hatua ishirini kutoka jikoni kwangu, anapasua mapovu kwa kidole, nilimvuta mkono mpaka akalia.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alinicheka. Yeye amechimba mawe ya bati kule Kalima miaka mingi. Kule, kabla ya kushuka shimoni, wanateremsha taa inayowaka: ikizimika, hewa ni mbaya, ikiendelea kuwaka, unashuka. Asubuhi iliyofuata nilimwona amefunga taa ya mafuta kwenye kamba, imewaka, anaelekea kwenye tundu kutuonyesha kwamba hakuna hatari. Binti yangu anamfuata nyuma. Nilikimbia na ndoo, nikamwaga maji juu ya taa, na juu ya shemeji pia.

"Shemeji, sasa unaniogesha?"

"Kule kwenu hewa inazima moto. Hii hewa yenyewe njo inawaka."

Siku mbili hakula sombe yangu, majani ya muhogo anayoyapenda.

Kisha muntu wa kampuni akaja pale penye tundu na chefu wa mtaa, na karatasi: tutie sahihi kwamba tundu limezibwa vizuri, wafunge kazi yao. Mume wangu alikuwa ameshashika kalamu. Nikauliza mapovu ni nini. Yule bwana akasema ni hewa ya mvua tu. Nikamwambia nimesoma sekondari, hewa ya mvua haitoki wiki tatu mahali pamoja. Alimgeukia mume wangu, akamuuliza kama nyumba hii inaongozwa na kitenge.

Nilifungua fundo la hicho kitenge, nikatoa kiberiti, nikamwekea mkononi.

"Papa enjenia, kama mumeziba, chuchumaa hapa. Washa."

Alikitazama kiberiti. Shemeji yangu, yule yule wa taa, akasema kwa heshima kabisa:

"Usiogope, patron. Iko hewa ya mvua."

Yule bwana akarudi nyuma hatua moja, halafu ya pili. Kiberiti akakiweka chini polepole, kama yai. Mume wangu akafunika kalamu.

Jiko nimelihamishia upande wa pili wa nyumba, na tundu tumelizungushia miti. Mapovu yangali yanapanda. Karatasi iko kwangu, haina sahihi.