Vidole vya Mwanamkuu

Mwanamkuu wa Kitete alifundishwa kinanda na marehemu mjomba wake, fundi redio, na kwa miaka ishirini na mbili hakuna harusi ya maana Tabora mjini iliyonoga bila vidole vyake. Siku za kazi anashona magauni. Jumamosi anapiga taarabu katika kundi la Nurdini.

Na Nurdini ni nani? Ana kofia nzuri na simu mbili. Kuimba hajui, kupiga hajui, anachojua ni kusema "kundi langu". Basi mwaka huu wakarekodi video, na bwana mkubwa akaamua kwamba mwanamke kwenye kinanda hauzi. Mwanamke kazi yake kukaa mbele akatikisa kiuno. Akamkalisha kinandani mpwa wake Nassibu, mwanamume wa ndevu za kuchonga asiyejua hata kupiga honi ya baiskeli. Sauti ya kinanda ilibaki ya Mwanamkuu, mwenyewe akapewa leso apunge. Akapunga, Mungu amsamehe, akidhani ni mambo ya video tu.

Thubutu! Mji mzima ukaanza kumsifu Nassibu. Wateja wa Mwanamkuu mwenyewe, wamekuja kupimwa magauni, wanamuuliza yule mpiga kinanda wenu kaoa? Iliuma. Akamwendea Nurdini, akamwomba kwa adabu zote jina lake litajwe.

"Jina halipigi kinanda," Nurdini alimjibu, akaongeza kwamba asiyetaka, mlango uko wazi.

Ikafika siku ya kupiga redioni, moja kwa moja hewani. Redio haina macho, kwa hiyo Nurdini akapanga Mwanamkuu apige, Nassibu atajwe. Mwanamkuu hakubisha. Zuzu yule akafurahi, maana kwa akili zake mwanamke akinyamaza ameridhika.

Mtangazaji naye, hasara tupu, alimtambulisha Mwanamkuu kama mwitikiaji, akamuuliza kama mumewe anamruhusu kutembea na bendi. Kisha akawaomba wasikilizaji wamsikilize fundi Nassibu. Mwanamkuu akapiga, na siku hiyo alipiga kwa hasira, kikalia hasa. Ubeti wa kwanza ulipoisha, akaondoa mikono, akaiweka mapajani. Akasogelea maikrofoni.

"Aliyekuwa anapiga ni mimi, Mwanamkuu. Miaka yote ni mimi. Haya, Nassibu baba, malizia."

Akampisha kiti. Hafsa, mwimbaji, angeweza kuokoa jahazi kwa sauti yake, lakini alifumba mdomo makusudi. Nassibu akabonyeza hapa, akabonyeza pale, na mpaka Puge, huko mbali nje ya mji, walisikia alichobonyeza.

Wiki ya pili Nurdini akapiga simu, kawa mpole, dada Mwanamkuu huku, dada Mwanamkuu kule. Kuna harusi kubwa, na bibi harusi amesema bila Mwanamkuu hataki kundi. Mwanamkuu alikuwa anakunja pindo la gauni. Alilimaliza kwanza, simu iko sikioni, mtu mzima anabembeleza.

"Jina halipigi kinanda, kaka Nurdini," akamwambia. "Mpeleke Nassibu."