Mama Hamdi na Fomu ya Kaunsili

Barwako hakuwa mtu wa kukaa. Kwa miaka mitatu niliyomjua pale Garsen sikuwahi kumwona ameketi. Chai alikunywa wima, nusu kikombe, na nusu iliyobaki aliimwaga huku mguu mmoja uko njiani. Asubuhi alifika kutoka kijiji cha Waorma nje ya mji na vibuyu vya maziwa mgongoni, akayauza, kisha akaanza kuzunguka. Kwa chifu, kwa bwana mifugo, kwa chifu tena. Mtandio wake aliufunga na kuufungua mpaka ukapauka pale penye fundo.

Mimi kazi yangu ni kukaa. Nilikuwa na mashine ya taipu kwenye baraza ya duka la Farah, nikiwaandikia watu barua na viapo na maombi ya kazi ambayo hawakuipata. Naitwa Pauline, Mpokomo wa Idsowe. Afadhali niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine: subira sina, na siku hizo Waorma sikuwapenda. Ng'ombe wao walikuwa wamemaliza mahindi ya mama yangu misimu miwili mfululizo. Barwako nilimzoea kwa shingo upande, kwa sababu kila siku aliniachia maziwa kidogo bila kusema neno, na mtu wa namna hiyo ni vigumu kumchukia.

Watu walimwita Mama Hamdi. Hamdi ndiye aliyekuwa kifungua mimba wake. Mwaka wa tisini na nane, mafuriko yale makubwa yalipopungua, tajiri mmoja ambaye hatukuwahi kumwona kwa macho alizungushia ua wa waya kipande kirefu cha ukingo wa mto, akisema atalima pamba. Ndani ya ua huo ikabaki malka, ndivyo wanavyoiita njia ya ng'ombe kushukia mtoni, na pale ndipo watoto walipochota maji tangu babu zao, kwa kuwa maji pale hayana kina na unaona mpaka chini. Ilipofungwa, watoto wakaanza kwenda kwenye kona ya chini, penye kina na matope. Mamba akamchukua Hamdi pale, saa nne asubuhi, wenzake wakitazama. Alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Watu walijaribu kumbadilishia mama jina, wamwite Mama Fardosa kwa jina la binti anayefuata. Alikataa. Na Fardosa sasa ndiye aliyekuwa akichota maji pale pale kwenye kona, kwa sababu maji mengine hayakuwepo. Kila asubuhi Barwako akiuza maziwa Garsen, binti yake alikuwa ameinama ukingoni na ndoo. Ndiyo maana hakukaa. Nilichelewa kulijua hilo, na ninaona haya kwamba nilikuwa nikimcheka.

Wazee wao waliandika barua kuomba malka ifunguliwe. Nilizichapa mimi, tena kwa kaboni, nakala tatu tatu. Hazikujibiwa. Mwezi wa nane wa tisini na tisa, ukame umeanza kuuma, Barwako akanijia barazani.

"Bolina," akasema, maana jina langu lilimshinda, "wanaume nakaa na chifu, nakunywa chai, narudi. Sisi wanawake natembea. Barabara yote, mpaka kwa DO. Wewe andika karatasi ya kutembea."

Karatasi ya kutembea, yaani ya maandamano, kwa wakati ule haikuwa jambo baya sana. Zamani uliomba leseni, ukanyimwa, ukishindana ukapigwa rungu. Mwaka wa tisini na saba sheria ikabadilishwa, ikawa unapeleka taarifa tu kwa polisi siku tatu kabla: nani anaongoza, siku gani, saa ngapi, njia gani. Nikaichapa. Tulichagua Alhamisi, saa tatu mpaka saa tano asubuhi, kutoka uwanja wa msikiti, kupitia barabara ya soko, hadi ofisi ya DO, mkuu wa tarafa. Mkuu wa kituo akaisoma mara mbili, akamtazama Barwako kuanzia viatu hadi mtandio, akaipokea. Nilidhani tumemaliza.

Kumbe barabara ina mwenyewe. Barabara ya soko ilikuwa chini ya kaunsili, na kaunsili ilikuwa na sheria zake ndogo ambazo hakuna aliyezijua mpaka siku alipozihitaji. Karani wao, Job Pekeshe, akatutolea fomu ya kutumia barabara ya umma. Jina la mwombaji. Njia. Muda. Idadi ya washiriki. Idadi ya mifugo, kama ipo. Job alikuwa kijana wa Chara, nadhifu, kalamu mbili mfukoni, na mtu wa kwetu, nikaona mambo ni rahisi.

"Washiriki wangapi, mama?" akauliza.

Barwako akafunga mtandio. "Wanawake wa kwetu."

"Sawa. Wangapi?"

"Mimi nasema majina. Wewe andika."

"Mama, hapa panatakiwa nambari. Tazama, nafasi yenyewe haitoshi hata jina moja."

"Basi nambari hapana."

Job akairudisha fomu, kwa adabu, kama anamrudishia mtu kofia yake. Nje nilimvaa Barwako pale pale kwenye jua. Nilimwambia anatupotezea muda, kwamba nambari ni kitu cha kubuni, aseme hamsini, aseme sitini, nani atafuatilia? Alitembea tu, nami nikamfuata nikihema.

Kwao mtu hahesabu kwa sauti watoto wala ng'ombe. Jioni mifugo ikirudi, mama husimama mlangoni pa zizi akamtazama kila ng'ombe kwa rangi na kwa jina, na akikosekana mmoja atakuambia ni nani kabla hujauliza ni wangapi. Hilo nililijua. Nikamwambia ni ushirikina. Akasimama, jambo ambalo lilinishtua.

"Wakati ya chakula ya msaada," akasema, "mtu alikuja na fomu. Akauliza, mama, watoto ngapi? Mimi nilisema majina. Akasema hapana, nataka ngapi, kama hapana sema ngapi, hapana pata unga. Watoto nalia njaa. Nikasema tano." Alinyanyua vidole vyake vitano akavitazama. "Mimi, mdomo yangu. Siku kumi na mbili, Bolina. Siku kumi na mbili tu, mamba akachukua Hamdi."

Nyanya yangu kule Idsowe, Mkristo wa kubatizwa, hakuwahi kuhesabu vifaranga vyake, na aliyevihesabu alifukuzwa uani kwa mchi. Ningeweza kumwambia hivyo. Sikumwambia, nilikuwa bado na hasira ya jua.

Jumatatu tulirudi kwa Job na karatasi mbili nilizozichapa, majina matupu, Barwako akiyasema kwa moyo bila kusita na mimi nikiyapiga mpaka vidole vikafa ganzi. Job akazisukuma kando. Jumanne vivyo hivyo. "Dada Pauline," akaniambia kwa Kipokomo ili Barwako asielewe, "fomu isipojaa kufikia leo jioni, kibali hakuna, na wakitoka barabarani bila kibali askari watawatawanya. Msaidie mwenzio."

Nikamsaidia. Mungu anisamehe. Nilimwambia Barwako akauze maziwa yake, nitamalizana na Job. Nikaketi, nikahesabu yale majina kwa ncha ya penseli, nikaandika 120 kwenye nafasi ile ndogo. Muhuri ukagongwa. Jioni nikamwambia karani amekubali, nikanyamazia mengine. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Usiku ule nililala vizuri sana, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo.

Alhamisi walikuwa wamejaa uwanja wa msikiti kabla ya saa tatu, wake kwa mabinti, kila mmoja na kibuyu kitupu mgongoni, maana ndivyo walivyoamua, kwenda kwa DO na vibuyu vikavu. Fardosa alikuwepo pia, mrefu, mwembamba, kasimama nyuma ya mama yake. Polisi wawili walikuwa kivulini. Nikaona roho yangu imetulia, nikaanza hata kujisifu.

Job akaja na askari wa kaunsili na kipaza sauti cha mkononi. Masharti ya kibali lazima yasomwe hadharani. Akayasoma yote, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayeipenda kazi yake. "Washiriki watatumia upande wa kushoto wa barabara. Washiriki hawatasimama mbele ya maduka. Washiriki ni watu mia moja na ishirini, bila mifugo."

Hawakupiga kelele. Ningependa wangepiga. Mama mmoja mzee alifunika uso, akamshika mjukuu wake mkono, akaondoka. Kisha mwingine. Kisha wakaondoka kama maji yanavyonywewa na mchanga, wakipitia kando ya msikiti bila kugeuka, mpaka tukabaki watu wachache tu uwanjani. Barwako akanitazama. Hakuhitaji kuuliza nani alisema nambari.

"Nilitaka upate kibali," nikasema.

"Nimepata," akasema. Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, nami nikatamani anizabe kofi.

Job alitazama saa yake, kisha watu waliobaki, kisha kibali. Alikuwa na huzuni ya kweli usoni. "Mama, hii sasa si ile iliyoandikwa. Na muda unakwisha saa tano. Wakipungua hivi, itabidi nifute."

Barwako akafungua mtandio, akaufunga. Akageukia upande walikokwenda wenzake, akaita jina. Aliliita vile wanavyowaita ng'ombe wa kukamuliwa, kwa kuvuta mwisho wake, na kwao jina lako likiitwa hivyo huwezi kulinyamazia. Kutoka nyuma ya msikiti mtu akaitika. Akaita la pili. Lakini koo lake lilikuwa kavu, na majina yalikuwa mengi, na saa ya Job ilikuwa inakwenda.

Mkobani mwangu zilikuwemo zile karatasi mbili alizozikataa karani. Nikazitoa. Nilimnyang'anya Job kile kipaza sauti, ndiyo, nilimnyang'anya, akabaki ameshika hewa. Nikaanza kusoma. Ulimi wangu wa Kipokomo uliyavunja yale majina vipande vipande. La tatu nililiharibu vibaya hata jibu lililotoka vichochoroni likawa kicheko, na baada ya kicheko akatoka mwenye jina mwenyewe, amekasirika, akinisahihisha kwa kidole. "Sema vizuri!" Nikasema vizuri. Wengine wakaja ili tu kusikia nitawaharibia vipi yao. Yule mzee akarudi na mjukuu. Nikasoma ukurasa wa kwanza, nikasoma wa pili, jasho likinitoka, na karibu na mwisho nikasoma, "Hamdi."

Sikuwa nimeliona. Nilikuwa nimelichapa mwenyewe Jumapili, katikati ya mengine, vidole vikikimbia, na sikuliona. Nikataka kuomba radhi, nikataka kurudi nyuma kwenye karatasi.

"Yupo," akasema Fardosa.

Tukaondoka. Upande wa kushoto wa barabara, bila kusimama mbele ya maduka. Farah alitoka barazani akavua kofia. Job alitembea pembeni na kibali chake, na niligundua kwamba hakuwa anahesabu, alikuwa anatazama tu chini. Tulifika kwa DO saa tano kasoro robo.

DO alikuwa mgeni kwetu, mtu mpole. Alituingiza ndani, Barwako na wazee wawili wa kike, na mimi wa kuandika. Alisikiliza mpaka mwisho, na hilo lilikuwa jambo jipya. Kisha akachukua kalamu.

"Nimeelewa, mama. Nitaandika leo leo. Lakini wakubwa wangu wataniuliza jambo moja. Ua huu umedhuru watu wangapi?"

Wale wazee wakainamisha vichwa. Mimi niliuma ulimi, kwa meno, kweli kweli. Niliapa hata wakinifunga sitasema nambari ya mtu katika chumba kile. Kalamu ya DO ikangoja. Dirishani ungeweza kuona vibuyu vikiwa vimepangwa kwenye uzio.

Barwako akavuta kiti. Akakaa.

"Andika moja," akasema.

"Mmoja tu, mama?"

"Moja. Ile mimi naweza hesabu." Aliweka mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza mtandio uliachwa kama ulivyo. "Hakuna kitu nakuja chukua yeye tena."

DO akainamia karatasi. Aliandika, akauliza jina, akaambiwa, akaliandika pia.

Ua ulikatwa penye malka baada ya wiki tatu, upana wa kupita ng'ombe wanne. Nilikwenda kutazama, nikijidai nina shughuli huko. Barwako alikuwa amesimama juu ya ukingo, anapigapiga mguu, huku mabinti wakipanda kutoka mtoni na ndoo kichwani, naye akiwatazama mmoja mmoja. Fardosa alikuwa kati yao, amelowa magoti. Nikajikuta midomo yangu imeanza, moja, mbili. Nikaifunga.