Nyumba Iliyodaiwa Kukaa Juu ya Chemchemi

Kwenye kazi za ujenzi kila mtu alimwita Gonga, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi wa vigae, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mwembamba, mwenye magoti yaliyokomaa kwa kusuguliwa na saruji. Kabla ya kuanza kazi yoyote alichuchumaa, akaigeuza nyundo yake na kugonga sakafu kwa mpini, kigae kimoja baada ya kingine, sikio ameliinamisha kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Kigae kilichoshika vizuri hutoa sauti fupi, nzito. Kilichoachia kwa chini hulia kama debe.

Mumewe alikuwa kinyozi. Walifahamiana siku Gonga alipoitwa kurekebisha sakafu ya kibanda chake cha kunyolea. Baada ya kumtazama akigonga kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, kinyozi alishindwa kuvumilia.

"Na moyo wangu je, fundi? Huo hutaugonga?"

"Huo nausikia mtupu hata kabla sijaugonga," Gonga alimjibu bila kuinua kichwa.

Wateja waliokuwa kwenye benchi walicheka, na aliyekuwa kitini akanyolewa vibaya. Mwaka haukuisha, wakaoana.

Walipanga chumba kimoja nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Kitanda, jiko, meza na makopo ya gundi ya vigae vyote vilikaa humo, kiasi kwamba mmoja akitaka kugeuka ilibidi mwenzake akae kitandani. Mashine ya kukatia vyuma ilianza kelele saa moja asubuhi, hata Jumapili. Miaka mitano walikaa hapo, wakijinyima hiki na kile, wakiweka akiba ya nyumba. Gonga alikuwa amepanga vigae katika vyumba zaidi ya mia, na hakuna hata kimoja alimowahi kulala.

Akiba ilipofikia mahali pa kuonekana, walianza kutafuta. Hapo ndipo walipojua kwamba pesa zao, zilizoonekana nyingi zikiwa benki, zilikuwa hazina maana zikifika kwa dalali. Nyumba ya kwanza haikuwa na paa. Ya pili ilikuwa na paa, lakini ilikuwa na wamiliki watatu wasiosalimiana. Ya tatu ilikuwa nzuri, bei yake nzuri, na dalali akataka malipo ya awali siku hiyohiyo, kesho yake ikagundulika kwamba mwenyewe hakuwa na habari kama nyumba yake inauzwa.

"Mke wangu," kinyozi alisema wakirudi, "labda tuinunue ile karakana tu. Kelele tumeshaizoea."

Dalali wa nne alikuwa kijana wa maneno mengi, mwenye suti hata juani. Aliwapigia simu Jumamosi asubuhi. "Ipo moja. Vyumba vitatu, jiko la ndani, baraza mbele, hati safi. Bei imeshushwa mara tatu. Lakini nisiwafiche, ina ugonjwa. Njooni muone wenyewe."

Ilikuwa nyumba ndogo ya rangi ya maziwa, mwisho wa mtaa, yenye geti la chuma lililopakwa rangi upande mmoja tu. Mwenye nyumba alikuwa mwalimu mstaafu, mjane wa miaka sabini na kitu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Mwalimu. Miguu ilikuwa imemchosha, na binti yake alikuwa amemwandalia chumba kwake ili asiishi peke yake.

"Shikamoo, mama," walisema wote wawili.

"Marahaba, wanangu. Vueni viatu, au msivue, sakafu yenyewe mtaiona."

Kinyozi hakufika mbali. Alisimama barazani, akapima kwa hatua, moja, mbili, tatu, nne, akanyoosha mikono kama anayeshika mkasi. Gonga aliona macho yake yanavyong'aa, akajua tayari ameshaweka kioo na viti viwili hapo. Yeye mwenyewe aliingia jikoni. Jiko lilikuwa na dirisha! Alilifungua, akalifunga, akalifungua tena. Alipita chumba cha kwanza, akapita cha pili, moyo ukimdunda kama msichana aliyeitwa jukwaani kupokea zawadi.

Kisha dalali akafungua chumba cha nyuma.

Ukuta ulikuwa na madoa ya unyevu yaliyopanda hadi magotini. Vigae vya pembeni vilikuwa vimeinuka, na katikati ya mianya maji yalimeta.

"Ndiyo huo ugonjwa," dalali alisema. "Fundi mmoja alikuja akasema nyumba imekaa juu ya chemchemi. Msingi utaliwa taratibu. Wanunuzi sita wameiona, wote wameaga."

Bibi Mwalimu aliinamisha kichwa kama mzazi anayesomewa matokeo mabaya ya mwanawe.

Gonga alichuchumaa, akatoa nyundo kwenye mkoba na kuanza kugonga. Karibu na ukuta wa mbali sakafu ilikuwa ngumu, imeshika. Alivyosogea upande wa jikoni sauti ilianza kubadilika, ikawa debe, na ule udebe ulikwenda kwa mstari ulionyooka, upana wa viganja viwili, kutoka ukuta wa jikoni hadi ukuta wa bafu. Maji ya chemchemi, alifikiri, yana shida gani ya kutembea kwenye mstari?

Aliomba kunawa mikono. Alipomaliza alihakikisha kila koki ya ndani imefungwa, akatoka hadi kwenye mita ya maji karibu na geti, akafunua kifuniko. Ndani ya nyumba hapakuwa na tone lililokuwa likitumika, lakini kigurudumu chekundu kidogo cha kuonyesha mwendo wa maji kilikuwa kinazunguka bila haraka, kama mtu anayetembea bila miadi.

Hapakuwa na chemchemi. Kulikuwa na bomba lililotoboka.

Alimvuta mumewe nyuma ya nyumba na kumnong'oneza. Kinyozi alijiziba mdomo kwa mikono miwili ili asipige kelele.

"Unamaanisha... kazi ya siku moja?"

"Siku mbili, na kupanga vigae upya."

"Na bei ni hiyohiyo ya nyumba inayozama?" Aliruka pale pale, akatua, akaruka tena. "Mke wangu, tumepata nyumba! Usiseme neno. Alhamisi tunasaini kwa wakili, basi."

"Na yule mama?"

"Yule mama anataka kuuza, sisi tunataka kununua. Hatukumwambia uongo. Aliyesema chemchemi ni fundi wake."

Hoja haikuwa mbaya, na Gonga alikuwa na furaha mno hata asiweze kubishana. Waliafikiana na dalali bei, wakarudi nyumbani wakitembea kama watu wasiokanyaga chini. Siku tatu zilizofuata hawakuongea kingine. Walichora ramani ya vyumba kwenye boksi la vigae, wakagombana kuhusu rangi ya pazia, wakapatana, wakagombana tena kuhusu mahali pa jokofu ambalo hawakuwa nalo.

Jumatano Gonga alikuwa kazini, kwenye nyumba ya mfanyabiashara aliyesafiri na kumwachia funguo zote. Alikata kigae kikatoka kifupi. Akakata cha pili, kikapinda. Cha tatu kilimvunjikia mkononi, na haikuwahi kumtokea kuvunja vigae vitatu mfululizo tangu aanze kazi. Alikaa chini. Watu walimwachia funguo, alifikiri, kwa sababu akigonga sakafu huwaambia alichokisikia, kiwe kizuri au kibaya. Kwa Bibi Mwalimu amegonga, amesikia, amekaa kimya.

Hakusubiri hata kubadilisha nguo. Alifika kwa Bibi Mwalimu akiwa na vumbi jeupe hadi kwenye kope.

"Mama, nyumba yako haina chemchemi."

Alimweleza yote. Bibi Mwalimu akataka kuona. Alitembea polepole hadi getini, akainama huku ameshika bega la Gonga, akavaa miwani. Kigurudumu kilizunguka. Kikazunguka.

"Miaka mitatu," alisema, "nalipia maji kama mwenye kiwanda cha soda. Nilidhani mita inazeeka nami." Akaanza kucheka, akacheka hadi akavua miwani ajipanguse. Kisha akaivaa tena. "Lakini mwanangu, mlikuwa mnasaini kesho."

"Ndiyo, mama."

"Na sasa bei si ile."

"Najua."

Bibi Mwalimu alimpigia dalali pale pale. Gonga aliisikia sauti ya dalali ikipanda kwa shangwe simuni: anaye mteja, mteja mkubwa, atalipa bei ya kwanza kabisa! Gonga aliaga, akaondoka.

Nyumbani kinyozi alimsikiliza bila kumkatisha. Alikuwa anasafisha mashine yake ya kunyolea, na aliendelea kuisafisha muda mrefu baada ya kuwa safi.

"Ungeniambia kwanza," alisema hatimaye.

"Ungenizuia."

"Ndiyo, ningekuzuia. Ningekuzuia kwa nguvu zote, ningepiga kelele, ningesusa chakula. Halafu tungekwenda wote wawili." Aliweka mashine chini. "Kilichoniuma ni kwamba ulikwenda peke yako."

Gonga alimshika mkono uliokuwa na mafuta ya mashine, na wakakaa hivyo, ramani yao ya boksi ikiwatazama ukutani.

Asubuhi, saa tatu kasorobo, simu iliita. Alikuwa Bibi Mwalimu, na sauti yake ilikuwa ya darasani. "Mnachelewa. Si tulisema saa tatu kwa wakili?"

Walikimbia. Kinyozi alivaa shati kinyume, Gonga akaligundua mbele ya mlango wa ofisi, kinyozi akalivua na kuligeuza kwenye ngazi huku watu wakipita. Ndani, dalali alikuwa amekaa kona moja amenuna. Wakili, mwanamume mpole wa tai ya kijani, alikuwa ameshika kalamu akisubiri.

"Nimepewa mteja wa kulipa zaidi," Bibi Mwalimu alianza. "Anataka kuivunja ajenge maduka. Sikulala vizuri. Nyumba ile niliijenga na marehemu mume wangu, tofali kwa tofali. Lakini na mimi si mjinga, siwezi kuwauzia bei ya chemchemi wakati chemchemi haipo. Kwa hiyo bei yangu ni hii." Akaandika kwenye karatasi, akaisukuma mezani.

Ilikuwa katikati ya bei waliyoafikiana na ile ya mteja mkubwa. Ilizidi akiba yao, na haikuzidi kidogo.

"Mama, hiyo hatuna," Gonga alisema.

"Najua hamna. Sijamaliza. Chumba ninachokwenda kwa binti yangu kina sakafu ya saruji tupu, na bafu lake linateleza. Kuanguka ndiko ninakoogopa kuliko kufa. Nataka vigae visivyoteleza, chumba na bafu, na baraza la binti yangu pia. Vigae nitanunua mimi. Kilichozidi kwenye bei utanilipa kwa mikono yako."

Gonga aliweka mikono yote miwili mezani. "Siku nane nitakuwa nimemaliza!"

"Kumi na mbili. Ukisema nane najua utanilipulia kazi."

"Fundi huyu halipui kazi, mama," kinyozi aliingilia, karibu asimame. "Huyu anagonga hadi moyo wa mtu!"

Wakili aliweka kalamu chini akacheka. Alisema ameandika mikataba kwa miaka ishirini na hajawahi kuandika humo maneno "vigae visivyoteleza." Aliyaandika. Walisaini, Bibi Mwalimu kwa mwandiko wa ubaoni, kinyozi akiwa amesimama, na Gonga mwisho, akiacha alama ya kidole chenye vumbi la saruji pembeni ya jina lake. Hata dalali, alipokumbuka kwamba asilimia yake imeongezeka kidogo, alikunjua uso na kuwapa mkono.

Siku waliyokabidhiwa funguo, Gonga alivunja sakafu ya chumba cha nyuma mwenyewe. Fundi bomba alilikuta tundu dogo kama punje ya dengu, akalikata lile bomba, akaweka jipya. Walifungua maji, wakafunga koki zote, wakakimbia hadi kwenye mita kama watoto. Kigurudumu kilikuwa kimetulia tuli. Kinyozi alikipigia makofi.

Kuhusu kuhamia, vitu vyao vyote vilitosha safari moja ya mkokoteni. Vilipoingia ndani, nyumba ilionekana kama haijaguswa. Wakasimama katikati ya sebule wakiita majina yao na kusikiliza mwangwi. Mama yake Gonga alipiga simu kuuliza kama wamefika salama, na kinyozi akamwambia, "Mama mkwe, subiri kidogo, namtafuta mwanao, sijui yuko chumba gani!" Hakuna maneno aliyoyasema kwa furaha kama hayo.

Kulikuwa na tatizo moja tu, kwamba hawakuweza kukubaliana walale wapi. Wiki ile ya kwanza godoro lilikaa chumba cha mbele siku mbili, likahamishiwa cha kati kwa sababu ya upepo, likapelekwa cha nyuma kwa sababu sakafu yake ilikuwa mpya, kisha likarudi mbele. Jumapili, walipokuwa wamelibeba kwa mara ya tano, mmoja mbele mmoja nyuma, limekwama mlangoni nao wameishiwa nguvu kwa kucheka, jirani alichungulia dirishani akauliza kama ndiyo kwanza wanahamia.

"Ndiyo," Gonga alimjibu, akihema. "Bado tunahamia."