Nepi Zisizoshika Doa

Siku za chanjo, akina mama wa Itaba wanajua Imelda atauliza nini. Atampakata mtoto wa mwenzake, atamsifia mashavu, kisha atasema bila kupepesa macho, "Choo chake kina rangi gani?" Wageni hucheka kwa aibu. Wenyeji hujibu upesi, "Cha njano, Mama Lucia," na kutazama pembeni.

Imelda alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi wa Burundi, upande wa Kasulu, Tanzania. Amani iliporudi na wazazi wake wakarejea Burundi, yeye alikuwa msichana mkubwa asiyeijua nchi hiyo hata kidogo. Akaolewa Itaba na Leonardi, mkulima mpole, wakaishi na mama yake Leonardi, Paskazia, ambaye hakuwahi kuikimbia nchi. Paskazia ndiye aliyemfundisha majina ya vilima na namna ya kupogoa migomba. Walipendana kama mama na mwana.

Lucia, mtoto wao wa kwanza, alizaliwa mnene, mnyonyaji hodari. Macho yake yalikuwa na unjano kidogo, lakini watoto wachanga wengi huanza hivyo, wakaungoja uondoke. Haukuondoka. Kinyesi chake kilikuwa cheupe kama unga wa muhogo uliolowana, wala hakikushika kitambaa. Majirani waliona nepi zimeanikwa uani, zinang'aa, wakamsifu Imelda kwa usafi. Kilichotia doa ni mkojo: doa la rangi ya chai kavu, Imelda akalifikicha kwa sabuni hadi likatoka.

"Mama, hii ni kawaida?" alimuuliza mkwewe.

Paskazia alicheka, akamwita mwanangu kwa Kirundi. "Mwananje, anakunywa maziwa, anatoa maziwa. We ulitaka atoe nini?"

Imelda akaridhika, kwa kuwa alitaka kuridhika.

Lucia alikuwa na miezi minne Adriano, kaka yake Imelda, alipooa huko Muyinga alikofanya useremala. Nyumba ilijaa wageni, Imelda akapewa chumba kwa jirani, mshonaji mmoja aitwaye Pili. Asubuhi ya harusi Pili alijitolea kumwogesha mtoto. Alifungua nepi, akaiinua karibu na macho.

"Dada, choo iko hivi tangu lini?"

"Tangu wiki zake za kwanza."

"Na mikojo?"

"Kama chai."

Pili alimsogeza mtoto kwenye mwanga wa mlango, akamtazama weupe wa macho. "Mi nilipougua ini, docteur aliniuliza hizo mbili mbele ya yote. Jifunge kitenge, twende hospitali. Harusi itakuwa hata bila sisi."

Baada ya vipimo daktari aliwaeleza polepole, kidole chake kikiwa juu ya tumbo la Lucia. Ini hutoa nyongo, na nyongo ndiyo hukipa choo rangi. Kwa mtoto huyu njia ya nyongo ilikuwa imeziba. Choo kikabaki cheupe, nyongo ikarudi kwenye damu na kuutia mkojo weusi. Upasuaji upo, lakini nchi za mbali, na hufaa zaidi mtoto akiwahishwa kabla hajamaliza miezi miwili. Ini la Lucia lilikuwa limeshakuwa gumu.

"Ni maziwa yangu?" Imelda aliuliza.

"Hapana, mama. Si chochote ulichokula wala ulichofanya."

Walirudi Itaba. Tumbo la Lucia likavimba, mikono ikakonda. Kiangazi kilipokolea alikata roho asubuhi moja kifuani pa baba yake, Imelda akiwa ameenda kuteka maji. Alipofika na ndoo kichwani alimkuta Leonardi amekaa mlangoni, bado anambembeleza.

Baada ya mazishi Paskazia hakula. "Mi ndiyo nilisema ni maziwa," alirudia, tena na tena. Imelda alijua alipaswa kumjibu, "Hukujua, mama." Alimpikia, alimtandikia, alimchotea maji ya kuoga, lakini neno hilo hakulitoa, hata Leonardi akaanza kuchelewa kurudi nyumbani.

Mvua za kwanza ziliponyesha walikwenda kupanda maharage. Paskazia alibaki nyuma, jembe limemlemea. Imelda akageuka, akaingia kwenye tuta la mkwewe, akaanza kulima kutoka upande wa pili hadi majembe yao yalipokaribia kugusana.

"Mama," alisema, macho chini, "hata mimi niliona. Nepi nilizifua mimi."

Paskazia alimshika mkono wenye udongo, na hapo ndipo walipolia pamoja kwa mara ya kwanza.